Ugonjwa uko kwenye kongosho, mbona mapafu ndiyo yamegoma?

#1 Mwana_Nguba (Bukavu)
Jambo wote. Naomba wenye kujua wanisaidie. Shemeji yangu, mke wa kaka, amelazwa kwa pankreatiti, kongosho limewaka ghafla. Alianza na maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, akitapika, hawezi kulala chali, amekaa ameinama kakumbatia mto. Ekografia (ultrasound) ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Hapo tulielewa. Lakini tumbo lilipoanza kutulia kidogo, pumzi ikaanza kukatika. Sasa yuko kwenye oksijeni lita 5 na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma 88%. Picha ya kifua imetoka na mawingu meupe pande zote mbili. Hajawahi kuvuta sigara, hana pumu. Kongosho liko nyuma ya tumbo, mapafu yako juu huko kifuani. Njia gani inaunganisha hivi viwili? Wodini wananijibu "ni komplikasyo" halafu wanapita.

#2 Mtoto_wa_Kadutu (Bukavu)
Pole sana ndugu. Mimi minasema wazi: mbele ya maumivu alikula wapi? Kwetu batu banajua. Mutu anatoka ku sikukuu, usiku tumbo inamukamata, kisha pumzi inakata. Hiyo ni karuho, sumu ya kutiliwa mu chakula. Munganga hawezi kuiona kwa picha. Kuko mama mumoja huku kwetu anatapishaka batu, banapona.

#3 Nesi_Himbi (Goma)
Pole #1. Nianze na #2, kwa heshima: tafadhali msimtoe mgonjwa kwenye oksijeni kwenda kumtapisha. Mtu anayehema kwa shida akitapishwa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni, na hapo mmemwongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Habari ya sikukuu ina maelezo yake. Ukila mafuta mengi, mfuko wa nyongo unajibana ili kuisukuma nyongo. Kijiwe kikisukumwa nayo kinaweza kukwama kule chini, mrija wa nyongo unapokutana na mrija wa kongosho kabla ya kumwaga utumboni. Kwa hiyo maumivu kuja usiku baada ya karamu si ajabu, wala hahitajiki mtu wa kutia kitu kwenye sahani. Nimeona wakwe wakifukuzwa nyumbani kwa sababu ya kijiwe cha milimita chache. Inaniuma kila mara.

Sasa swali lenyewe. Kongosho hutoa lita moja na nusu hivi ya maji ya kumeng'enya chakula kwa siku. Vimeng'enya vyake vikali vinatoka vikiwa vimelala, vinaamshwa vikifika utumboni. Mrija ukiziba, kimoja chao, tripsini, kinaamka mapema, ndani ya chembe za kongosho lenyewe, na kongosho linaanza kujila. Hans Chiari alilisema hili huko Prague mwaka 1896. Vilivyoamka vinavuja hadi kwenye damu. Kimoja kinaitwa fosfolipasi A2, kazi yake ni kuvunja mafuta ya jamii ya lesithini. Na ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu kuna utando wa mafuta ya jamii hiyo hiyo, safaktanti, ndio unaozuia vifuko visijifunge. Utando ukiliwa, kifuko kinabaki mfano wa mfuko wa plastiki uliolowana ndani: kuta zinashikana na kuutanua ni kazi kubwa. Mgonjwa anavuta, hewa haipati pa kukaa.

#4 Labo_Katuba (Lubumbashi)
Mambo. Niongeze upande wa labo. Familia nyingi zinakuja na karatasi ya amilasi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, zikisema "imeshuka, amepona". Hapana. Kipimo kinachohesabika ni lipasi (kimeng'enya kingine) au amilasi ikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida, pamoja na maumivu yale au picha. Inatakiwa mambo mawili kati ya hayo matatu. Amilasi inashuka baada ya siku chache hata mgonjwa akiwa anazidiwa, na ukubwa wa namba hausemi ugonjwa ni mkali kiasi gani. Mwenye lipasi ya 3,000 anaweza kurudi nyumbani wiki hiyo hiyo, mwenye 600 akaishia reanimasyo, wodi ya mahututi.

Kingine: mwambieni munganga apime trigliseridi, mafuta ya kwenye damu. Nilipokea damu ya baba mmoja hapa kwetu, nikaizungusha kwenye mashine, na maji ya juu ya tyubu yakatoka meupe mazito, huoni kidole upande wa pili. Ikipita miligramu 1,000 kwa desilita, mafuta yenyewe yanatosha kuwasha kongosho bila jiwe na bila pombe.

#5 Stajere_Panzi (Bukavu)
Aksanti kwa #3, yaya, mkubwa wangu, lakini hiyo ni nusu ya habari. Kama vimeng'enya ndivyo vinavyoua mapafu, dawa za kuvizuia zingeokoa watu. Waingereza walijaribu aprotinini miaka ya 1970, dawa inayoifunga tripsini. Vifo havikupungua.

Maelezo tunayofundishwa ni ya kinga ya mwili. Chembe za kongosho zikifa zinamwaga vilivyomo ndani, na mwili unaviona kuwa ishara ya hatari. Zinatolewa saitokini, kemikali za kuitia kinga, zinaingia kwenye damu na kuamsha chembe nyeupe aina ya nutrofili mwili mzima. Nutrofili iliyoamka inakuwa ngumu, haipindi vizuri. Sasa fikiria: damu yote ya mwili, lita 5 hivi kila dakika, lazima ipite kwenye kapilari za mapafu, ambazo nyingi ni nyembamba kuliko nutrofili yenyewe. Zinakwama hapo. Zikikwama zinamwaga elastasi, kimeng'enya kinachotafuna tishu, na sumu za oksijeni, ukuta kati ya damu na hewa unatoboka, na ukuta huo ni mwembamba kuliko mikroni moja. Maji ya damu yenye protini yanamwagika ndani ya vifuko. Hayo ndiyo mawingu meupe ya pande zote mbili.

#6 Nesi_Himbi (Goma)
#5 mdogo wangu, umesoma vizuri. Lakini kipimo chako kipime na upande wako. Dawa ya lexipafanti ilizuia kimojawapo cha vichochezi vya hao nutrofili wako. Jaribio kubwa lilitoka 2001, na viungo viliendelea kufeli vile vile. Kwa hoja yako mwenyewe, basi si kinga?

#7 Stajere_Panzi (Bukavu)
Yaya umenishika 😄 Lakini mgonjwa anafika hospitali moto ukiwa umeshawaka masaa mengi. Kuzuia kichochezi kimoja kati ya kumi wakati huo si sawa na kusema kinga haihusiki.

#8 Nesi_Himbi (Goma)
Na mimi nasema hivyo hivyo kuhusu aprotinini.

#9 Mwana_Ruashi (Lubumbashi)
Mabishano matamu haya, endeleeni. Mimi nimefanya kazi na wapasuaji, na huko wanaangalia utumbo. Mgonjwa wa kongosho anapoteza maji, damu inakimbilia moyo na ubongo, utumbo unabaki na njaa ya damu. Ukuta wake unalegea. Vitu vya ndani vinapenya, vipande vya bakteria na sumu zao. Wengi wanadhani vyote vinapita kwenye ini kwanza na ini linavichuja. Si vyote. Vingine vinaingia kwenye limfu ya utumbo, vinapanda kwa mrija mkubwa wa kifua na kumwagwa kwenye mshipa chini ya mtulinga wa kushoto. Kutoka hapo ni moyo upande wa kulia, na kituo cha kwanza baada ya moyo ni nini? Mapafu. Ini limerukwa kabisa. #1 aliuliza njia, hiyo ni njia unayoweza kuionyesha kwa kidole kwenye maiti.

#10 Stajere_Panzi (Bukavu)
Njia ipo, sikatai. Ila Waholanzi walijaribu kuutetea utumbo kwa kuwapa wagonjwa bakteria wazuri, utafiti wa PROPATRIA, 2008. Waliopewa walikufa 16%, wasiopewa 6%. Kila nadharia hapa imepigwa na dawa yake.

#11 Mwana_Ruashi (Lubumbashi)
Bakteria hai kwa utumbo wenye njaa ya damu, ni kuuongezea mzigo. Kwangu inathibitisha kwamba utumbo ndio uwanja wa vita, haikanushi.

#12 Kine_Majengo (Goma)
Jambo. Mimi ni kine, nawafanyisha wagonjwa mazoezi ya kupumua. Mnaruka juu sana. Kabla ya saitokini kuna mambo ya wazi kitandani. Tumbo limejaa gesi na maji, linasukuma juu kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Maumivu yanamzuia kuvuta pumzi ndefu, anahema juu juu. Sehemu za chini za mapafu hazifunguki, zinajikunja. Tena maji ya kongosho yanawasha kiwambo kutoka chini, na maji yanajikusanya pembeni ya pafu, mara nyingi kushoto kwa sababu mkia wa kongosho uko upande huo. Kwa wagonjwa wengi ninaowaona, hilo peke yake linashusha oksijeni.

#1, akikaa nusu wima badala ya kulala chali, akapewa dawa ya maumivu ya kutosha aweze kuvuta pumzi, utaona tofauti. Msiogope kudai dawa ya maumivu. Watu wetu wanavumilia kimya hadi mapafu yanajikunja.

#13 Volkano_2002 (Goma)
Mimi nauliza na mazingira. Tunaishi mita 1,500 juu ya bahari, Goma na Bukavu zote. Hewa ni nyembamba. Juu yake volkano ya Nyiragongo inatupulizia gesi ya salfa, mabati yanaoza. Na mazuku yanaua mbuzi mabondeni. Si mapafu yetu yanaanza yakiwa yamechoka tayari?

#14 Nesi_Himbi (Goma)
Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayolala kwenye mashimo, haimfuati mtu kitandani Bukavu. Na mwinuko huu haumpeleki mwenye mapafu mazima kwenye 88 akiwa juu ya oksijeni. Lakini mwinuko una maana kwenye hesabu: vigezo vya Berlin vya 2012, vya kutambua jeraha kali la mapafu, vinasema ukiwa juu ya mita 1,000 urekebishe kwa shinikizo la hewa la mahali ulipo. Wengi wanasahau.

#15 Munganga_wa_Zamu (Goma)
Na kuna kitu cha jirani zetu ambacho kila wodi ya Kivu inafaa ikijue. Berlin inadai kipimo cha gesi za damu kutoka kwenye ateri, na mashine ya kupumulia yenye shinikizo. Vituo vyetu vingapi vinavyo? Kundi la waganga lililofanya kazi Kigali likachapisha mwaka 2016 vigezo vingine: chukua namba ya kidole, igawe kwa kiwango cha oksijeni anayovuta, ikiwa 315 au chini anaingia. Picha ya kifua ikikosekana, ekografia ya mapafu inatosha. Mashine si lazima. Mwaka 2023 wataalamu wa dunia waliingiza mawazo hayo kwenye maelezo mapya.

Tumfanyie hesabu shemeji wa #1. Lita 5 kwa maski tuseme ni 40%. 88 gawa kwa 0.4 ni 220. Mawingu pande zote mbili, ndani ya wiki moja tangu ugonjwa uanze. Mradi moyo na maji ya ziada havitoshi kuyaeleza yote, hilo ni jeraha la mapafu lenye jina, ARDS. Katika viungo vya mbali ambavyo kongosho linavivamia, mapafu ndiyo yanayofeli mara nyingi zaidi, yakifuatiwa na figo na mzunguko wa damu.

#16 Mwana_Nguba (Bukavu)
Aksanti sana wote, nasoma na kaka pembeni yangu. #15 umetaja maji ya ziada. Usiku ule wa kwanza aliwekewa seramu nyingi, chupa juu ya chupa, tukaambiwa kongosho linataka maji. Asubuhi uso ulivimba. Je, hayo maji yanaweza kuwa ndiyo yako kwenye mapafu?

#17 Munganga_wa_Zamu (Goma)
Inawezekana yakachangia, na ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa. Miaka mingi tulifundishwa kumwaga maji kwa nguvu. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa WATERFALL, Hispania, Italia, India na Meksiko, wagonjwa 249, wote waliwekewa seramu aina ya Ringer laktati. Kundi moja lilipewa kwa kasi: mililita 20 kwa kila kilo mwanzoni, kisha 3 kwa kilo kwa saa. Lingine kwa kiasi: mililita 10 kwa kilo kama mtu amekauka, kisha 1.5. Waliozidiwa na maji walikuwa 20.5% kwenye kasi na 6.3% kwenye kiasi, na kongosho halikupata faida yoyote. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Kwa mama wa kilo 60, kiasi ni mililita 90 kwa saa. Chupa moja ya lita inakaa masaa kumi na moja.

Simhukumu aliyemwekea, sijui alikuwa amekauka kiasi gani, na kukauka nako kunaua figo. Ulizeni leo: anakojoa kiasi gani kwa saa, jumla ya maji yaliyoingia na kutoka ni ngapi? Hiyo karatasi inapaswa kuwa kitandani kwake.

#18 Stajere_Panzi (Bukavu)
Lakini dokta, maji hayavuki ukuta mzima kirahisi hivyo. Ukuta lazima uwe umeshaharibiwa. Tunarudi kwa nutrofili.

#19 Kine_Majengo (Goma)
Kijana haachi 😄

#20 Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)
Bana, mumesahau pombe. Ndugu yangu marehemu alikunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, tangu ujana. Mara ya kwanza tumbo lilimkamata akalazwa, akapona, akarudia. Mara ya mwisho ni pumzi iliyomchukua, wala si tumbo. Waganga wakatuambia mapafu yamejaa. Leo ndiyo nasoma hapa sababu. Huku pombe, kule Bukavu mawe?

#21 Mtoto_wa_Kadutu (Bukavu)
Mzee, Bukavu kasiksi, pombe ya ndizi, iko pia, usitusingizie utakatifu 😄 Pole kwa ndugu yako.

#22 Labo_Katuba (Lubumbashi)
Mzee pole sana. Kote ni vyote viwili. Na kwa pombe kuna jambo la ziada linalogusa mada: mlevi wa muda mrefu ana hatari kubwa zaidi ya kupata ARDS hata ikiletwa na ugonjwa mwingine. Pombe inapunguza kinga ya mapafu dhidi ya sumu za oksijeni. Kwa hiyo kongosho linapowaka, linakuta mapafu yameshadhoofika.

#23 Mama_Bagira (Bukavu)
Na minyoo msiisahau. Mtoto wa dada yangu alilia tumbo hadi jasho linamtiririka. Kwenye ekografia tukaonyeshwa kitu kirefu kwenye mrija wa nyongo, kinajipinda polepole mbele ya macho yetu. Askaris. Nilishika ukuta. Mtoto akapewa dawa, akapona, mapafu hayakuguswa hata kidogo. Mbona wengine yanaguswa na wengine hapana?

#24 Munganga_wa_Zamu (Goma)
Mama, hilo ndilo swali ambalo hakuna nadharia ya hapa inayolijibu vizuri. Karibu wagonjwa wanne kati ya watano ugonjwa unakuwa mwepesi na wanarudi nyumbani. Tunajua baadhi ya mambo yanayoongeza hatari: unene, umri, sehemu kubwa ya kongosho kufa. Mafuta ya tumboni yanasagwa na lipasi na kutoa asidi za mafuta, na hizo zinachoma mapafu na figo. Ndiyo maana unene unahesabika. Hiyo nayo ni njia ya nne, au ya tano, nimepoteza hesabu ya uzi huu.

#25 Nesi_Himbi (Goma)
Asidi hizo hizo zinakamata kalsiamu ya damu. Nilikuwa na mgonjwa, nikimpima presha, mkanda wa mkononi ukijaa tu vidole vinajikunja vyenyewe, gumba limeingia ndani ya kiganja. Kalsiamu ilikuwa chini sana. Kongosho linafika hadi kwenye vidole. Linafika hata machoni: wachache wanapoteza kuona ghafla, mishipa midogo ya nyuma ya jicho inaziba. Na ngozi: michubuko ya buluu ubavuni au kuzunguka kitovu bila mtu kupigwa.

#26 Mtoto_wa_Kadutu (Bukavu)
Hiyo ya michubuko ndiyo batu banasemaka alipigwa usiku na balozi, bachawi. Mimi minasema karuho iko, hamtanitoa hapo. Lakini asitolewe kwa oksijeni, kwa hilo niko na nesi. Hali yake leo?

#27 Mwana_Nguba (Bukavu)
Wamepunguza seramu, wamemwinua kitanda, dawa ya maumivu sasa ni kwa saa, si kwa kuomba. Amefika 93 kwa lita 3. Jana alikunywa uji kidogo na haukurudi. Figo zinafanya kazi. Munganga mmoja alikaa na kaka akamchorea mambo kwenye karatasi. Anasema yote mawili, maji na kuvimba kwa ndani, hawezi kugawa asilimia.

#28 Munganga_wa_Zamu (Goma)
93 gawa kwa 0.32 ni 290. Bado yuko ndani ya 315, lakini anapanda. Uji ni habari njema: kula mapema kunausaidia ukuta wa utumbo, #9 atafurahi. Kama wanampa antibiotiki bila dalili ya maambukizi, ulizeni kwa nini. Za kujikinga tu hazijaonyesha faida. Na msilegee. Wiki ya tatu na ya nne sehemu zilizokufa zinaweza kuoza. Homa ikirudi wakati huo, mkimbie hospitali.

#29 Mwana_Nguba (Bukavu)
Na mawe? Wanasema watamtoa mfuko wa nyongo "siku nyingine".

#30 Mwana_Ruashi (Lubumbashi)
Kwa ugonjwa mwepesi unatolewa kabla ya kutoka hospitali, maana mawe yakibaki, shambulio la pili linaweza kuja hata ndani ya wiki chache. Kwa aliyepita kwenye ARDS wanangoja uvimbe na maji ya tumboni yatulie, na hapo wana haki. Ila msikubali "siku nyingine" bila tarehe. Waandike kwenye karatasi ya kutoka.

#31 Stajere_Panzi (Bukavu)
#9 na #11, nimeikumbuka njia yako ya limfu. Kwenye panya, wakiufunga mrija wa kifua kabla ya kuwasha kongosho, unategemea nini kwenye mapafu?

#32 Mwana_Ruashi (Lubumbashi)
Nategemea yaumie kidogo zaidi au kidogo pungufu kutegemea nani amefanya jaribio 😄 Fungua uzi mwingine, huu tumwachie shemeji apumue.

#33 Labo_Katuba (Lubumbashi)
Kabla hamjafunga: #1, trigliseridi walipima?

#34 Mwana_Nguba (Bukavu)
Bado. Nimeandika kwenye simu, kesho asubuhi nauliza.